Uainishaji wa Madereva wa Kampala Kando ya Dimbwi

Watafiti waliotutangulia waliwagawa madereva wa Kampala kwa aina ya gari au ukali wa honi. Mbinu hizo hazielezi lolote zifikapo mvua za Aprili. Sisi tunapendekeza kigezo kimoja tu: dereva hufanya nini akilifikia dimbwi asilojua kina chake? Uwanja wa utafiti ni Clock Tower, ambako maji yashukayo vilimani huukuta mfereji wa Nakivubo umekwisha kushiba chupa za plastiki. Bwaise na Kalerwe, jirani na kinamasi cha Lubigi, zilitumika kuthibitisha matokeo.

Jamii kubwa kuliko zote ni Mfuasi. Huyu hatazami maji, hutazama gari lililotangulia. Likivuka naye huvuka, hata kama lile ni lori na yeye yumo ndani ya Vitz. Sentimita 30 za maji zatosha kulielesha gari dogo, na 60 zikienda kasi huyachukua mengi makubwa. Mfuasi hapimi kwa sentimita. Hupima kwa imani.

Mwenye Prado huongeza mwendo. Wimbi lake huingia madukani na kumaliza safari za Wafuasi watatu kwa mpigo. Wapo wanaokiita kitendo hicho kiburi. Sisi twaona ni suala la vioo: vimefungwa, hivyo habari hazimfikii.

Taksi ni viumbe wawili wategemeanao. Dereva hubaki kwenye usukani. Konda hukunja suruali na kutangulia kwa miguu, huku abiria 14 wakitoa ushauri ambao hawakuombwa. Maji yakimfika magotini, taksi hurudi nyuma. Hatumcheki konda, maana ndiye kipimo pekee cha kina tulichokiona katika utafiti wote. Kasoro yake ni kwamba mtaro usio na mfuniko humjulisha kwa kumficha.

Boda boda huwasumbua wanasayansi: mvua ikianza, spishi nzima hutoweka. Hupatikana imesongamana chini ya madaraja na kwenye vituo vya mafuta. Mvua ikikatika hurejea yote kwa pamoja, na nauli imepanda.

Mtelezi hawezi kuishi katika jamu ya Wandegeya. Makazi yake ni barabara ya mwendokasi ya Entebbe, inayoruhusu kilomita 100 kwa saa. Tairi lenye upepo wa pauni 30, likipita juu ya maji yaliyotuama, huanza kuelea karibu na kilomita 90. Tairi kipara halingoji kufika huko. Usukani huwa mwepesi, naye huufurahia wepesi huo hadi anaposhtuka na kukanyaga breki, badala ya kuachia mafuta taratibu na kuushika usukani unyooke. Hutambulika kwa taa zote nne za dharura zinazomulika kwa pamoja, ili asiwepo wa kujua anakata kushoto au kulia.

Yasemekana ipo pia spishi adimu, Mngojaji: huegesha mahali pa juu, akanunua rolex, akala, akasubiri maji yapungue. Kielelezo kimoja kiliripotiwa kwenye mteremko wa Kololo, kikipigiwa honi na kila apitaye. Timu yetu ilikwenda mbio na daftari. Alikuwa ameishiwa petroli.