Hotuba ya Mtaalamu wa Samaki wa Kimya kwa Wananchi wa Chimala

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kitongoji, wazee wangu, mama zangu, na vijana wa bodaboda mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti havikutosha, itifaki imezingatiwa. Kamwene!

Mmeitikia kivivu. Nawasamehe, ni kazi ya shibe. Kabla sijafungulia mto wa elimu niliokuja nao, nishukuru kwanza kwa chakula. Wali wa Mbarali hauhitaji sifa zangu. Lakini yule kambale! Mnene, mchuzi wake mzito, na kichwa nikapewa mimi, mgeni rasmi. Nimekitafuna kitaalamu. Hata sharubu zake nimezihesabu: saba. Sasa, kambale ana sharubu nane, jozi nne, popote alipo, kwa hiyo nikajua kuna mtu ameonja moja jikoni. Haina neno. Mpishi asiyeonja si mpishi.

Mada yangu ni Ufugaji wa Samaki wa Kimya katika Chumba cha Kulala. Mtauliza: huyu ni nani hata atufundishe? Mimi ni mtaalamu. Cheti sina, kwa sababu wa kunitahini hajapatikana. Ila kwa miezi kumi na minne nimelala hatua mbili kutoka kwenye tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Zidisheni. Naona vijana wa kidato cha pili wanaangalia viatu vyao. Ni lita 64 na ushei, na lita moja ya maji ni kilo moja. Juu ya kabati fupi la nguo la mke wangu niliweka karibu kilo 65, kabla hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Ni kama kumlaza mtu mzima pale juu, tena asiyeamka. Mlango wa kabati lile haujafunga tangu siku hiyo, na vitenge vilivyomo ndani… tusonge mbele.

Nianzie mbali, kama impasavyo msomi. Wachina walifuga samaki wa dhahabu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, lakini walimtazama kwa juu, ndani ya dimbwi au mtungi, kama unavyochungulia sufuria. Tangi la kioo, la kumtazama samaki ubavuni, ni kazi ya mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyehamia kisiwa cha Sicily na kutengeneza la kwake mwaka 1832. Kabla ya hapo alikuwa mshona nguo. Nasema tena, mshona nguo! Kwa hiyo nyie mnaonong'ona kwamba mimi nilikuwa fundi baiskeli pale stendi, nong'oneni kwa adabu. Waingereza wakafuata, wakafungua nyumba ya samaki kwenye bustani ya wanyama ya London mwaka 1853, na ugonjwa huu ukaenea duniani mpaka ukanifikia mimi.

Tuje kwenye kelele. Adui wa kwanza ni pampu ya hewa. Ndani ya kile kiboksi kuna kijiti chenye sumaku kinachotikiswa na umeme mara 50 kwa sekunde, nacho kinapigapiga kipira kinachosukuma hewa. Sauti yake ni mmmmmm. Nyuki ndani ya chupa. Sasa mtaniambia: mtaalamu, sisi wa Chimala tumejenga kando ya barabara kuu ya Zambia, malori yanapita usiku kucha, breki za upepo zinapiga chafya, treni ya TAZARA nayo ina zamu yake, wewe unalalamikia kiboksi? Nawajibu. Lori linakuja, linalia, linakwenda zake Tunduma. Pampu haiendi Tunduma.

Niliilaza wiki nzima juu ya kabati kabla sijagundua kwamba mbao ni ngoma: mtikisiko mdogo ukiwekwa juu yake unakuwa mkubwa. Nikachukua ndala, nikaikata soli, nikaiweka chini ya pampu, na mlio ukapungua karibu nusu. Hiyo ni fizikia, na haigharimu kitu, mradi ndala si yako.

Kisha usiku mmoja umeme ukakatika. Niliamshwa na kimya. Nikasema moyoni, haya sasa, huu ndio utulivu wenyewe, nikajifunika. Kumbe pampu ikizimika huku imekaa chini kuliko maji, maji hugeuka. Yanapanda kwenye mpira, yanavuka ukingo, yanashuka kimyakimya hadi ndani ya pampu, kutoka hapo hadi kwenye ekstensheni, na katika hali yangu hadi kwenye godoro, upande wa mama watoto. Alfajiri umeme uliporudi ekstensheni ilitoa cheche ambazo hata jirani alizisifu. Andikeni: pampu itundikwe juu kuliko maji, au mpira uwekewe kivalvu cha kuzuia maji kurudi, bei yake ni ya soda. Mimi niliitundika kwa kamba kwenye msumari, juu ya picha ya harusi yetu. Ilipokuwa inanguruma, bibi harusi alikuwa akitikisa kichwa kama anayekataa.

Nani huyo anayecheka? Asimame. Basi akae.

Kuhusu samaki wenyewe, nilianza kwa makosa ya kifalme. Nilikwenda Matema, Ziwa Nyasa, ambako kuna mamia ya aina za visamaki vya rangi visivyopatikana mahali pengine duniani. Nikapata kumi na wawili, wa buluu na wa manjano, nikawapakia kwenye ndoo na kupanda nao gari kupitia Kyela, Tukuyu, Uyole mpaka Igurusi na nyumbani. Ule ukungu wa Tukuyu mnaujua. Maji ya ziwa ni ya vuguvugu. Kufika Uyole ndoo ilikuwa baridi kama salamu ya mdaiwa. Walioshuka hai Chimala walikuwa saba.

Samaki hawa nawasifu kwa jambo moja. Jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa wiki tatu hivi, na muda wote huo hafungui kinywa ovyo. Nilimtaja jike huyo kama mfano mzuri nyumbani. Sitarudia jibu nililopewa. Ila dume! Dume anachimba. Usiku wa manane anahamisha mchanga kwa mdomo, anafukua chini ya jiwe, jiwe linaanguka kwenye kioo, ko! Unakaa kitandani umeshika tochi.

Tena samaki hana kope. Hafumbi macho hata akilala. Mtu na mkewe wako kwenye chandarua, na kuna macho kumi na manne ubavuni hayapepesi. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alitundika khanga mbele ya tangi, akasema hata mnyama afundishwe haya. Kisayansi khanga ile ilizuia sauti pia, kidogo.

Wanne walikufa mikononi mwa usafi wangu, na hapa nawaomba akina mama mnisikilize. Kinyesi cha samaki kinageuka amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria wanaoila amonia na kuigeuza naitraiti, ambayo bado ni sumu, na wako wengine wanaoigeuza kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Wafanyakazi hawa wasiolipwa wanakaa kwenye mchanga na kwenye sponji la kuchujia, na huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka mpaka watoshe. Mimi kila Jumamosi nilikuwa nalifua sponji lile kwa sabuni ya unga mpaka linanukia. Nilikuwa nawafukuza kazi wote, kila Jumamosi! Sponji husuuzwa ndani ya maji ya tangi lenyewe, basi. Na maji yabadilishwe robo kwa wiki, yaani lita 16, si yote. Mimi nilipeleka ombi kwenye kikao cha mfereji nipangiwe zamu ya maji kama wenye mashamba ya mpunga. Katika bonde ambalo watu wanagombania maji ya Ruaha Mkuu mpaka mto unakauka kiangazi kule hifadhini, nilitegemea kueleweka. Kikao kilivunjika kwa kicheko.

Ndipo nilipopata ufunuo. Ndugu zangu, dawa ya kelele ya pampu ni samaki asiyehitaji pampu! Nani asiyemjua? Kambale. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama mti, cha kuvutia hewa hii hii tunayovuta sisi. Nilimkuta mtoto mmoja kamkamata kwenye jaruba, nikamnunua akiwa sawa na kiganja, nikang'oa pampu msumarini, nikalala. Wale watatu waliobaki wa Matema aliwapokea usiku huohuo. Asubuhi alikuwa peke yake, kashiba.

Utulivu ulidumu siku mbili. Kambale anavuta hewa, sawa, lakini lazima aifuate juu. Anapanda, anapiga fundo, gluu!, anashuka na kuupiga mkia kwenye kioo. Tena hana ratiba. Pampu ina mdundo, kambale unamsubiri. Unahesabu, mia na kumi, mia na ishirini, unasema sasa amelala, gluu! Mke wangu alihamia chumba cha watoto, jambo ambalo katika daftari langu la utafiti nimeliandika chini ya kichwa cha habari "kupungua kwa kelele". Kambale akawa ananenepa kwa dagaa na makombo ya ugali, mpaka ikawa akitaka kugeuka anajikunja kama barabara ya Matamba, ile ya kona hamsini na saba.

Na kambale, mabibi na mabwana, ni msafiri. Usiku wa mvua, nyasi zikilowa, anaweza kutoka majini akajiburuta kwa miiba ya mapezi. Usiku wa kuamkia jana mmeisikia mvua. Asubuhi kifuniko kimesogea, utelezi sakafuni, umepita chini ya mlango, umekata uani, umeelekea kwenye mfereji ule unaopita nyuma ya jiko la Mheshimiwa Mwenyekiti.

Sikulia. Mtaalamu halii. Nilikuwa na hazina chini ya kitanda: beseni la udongo niliouchimba kiangazi kwenye dimbwi lililokauka huku Usangu. Bonde letu hili lina kisamaki chake chenye jina la Kilatini, Nothobranchius usanguensis, mnaona wamelitia na Usangu! Anaishi kwenye madimbwi ya mvua. Anazaliwa, anaoa na kufa ndani ya msimu mmoja wa mpunga, na dimbwi likikauka mayai yake yanabaki ndani ya tope gumu yakisubiri mvua nyingine. Watu wa Ulaya wanatumiana mayai kama hayo kwa posta. Na sisi tunayakanyaga kwa gumboti tukienda kupalilia!

Kwa hiyo hivi sasa tangi langu lina udongo mkavu. Pampu haipo, maji hayapo, samaki haonekani, na mke wangu tangu jana jioni amerudi chumbani. Katika miezi kumi na minne sijapata tangi tulivu kama hili. Kama ndani ya udongo ule kuna mayai, sayansi itaamua nitakapomwaga maji. Mama mkwe ameshaamua: anasema ni udongo.

Sitapokea maswali, muda umekwisha na Mheshimiwa Mwenyekiti naona anakohoa. Mpeni maji. Nina ombi moja tu. Yule kambale wangu bado nampenda, na aliyemwona kwenye mfereji amlete akiwa hai, nitamrudishia gharama zake. Ni mweusi, mnene, urefu wa mkono kutoka kiwiko. Siku ya kwanza nilimbana na kifuniko cha kioo, kwa hiyo hampotei mtu: ana sharubu saba.