Saa Mbili ya Nani?

Mfanyakazi akiacha kazi anarudisha funguo. Kanuni aliyoiacha kwenye akaunti ya matangazo hairudishi kitu. Inaamka kila siku, inatekeleza ilichoagizwa, halafu inatuma ripoti kwa mtu aliyehama zamani. Ndiyo maana nikiitwa kukagua akaunti ya mtu sianzi na bajeti. Nauliza nani alikuwa anaishika kabla yangu, na alikuwa anaogopa nini.

Kwa Mzee mmoja wa Shirimatunda, anayepandisha wageni mlimani kwa njia za Machame na Marangu, jibu lilikuwa mpwa wake. Kijana aliitangaza biashara ya mjomba kwenye Google, akaweka kanuni za kujiendesha ili asisumbuliwe, kisha akapata ajira Dodoma. Barua pepe za kanuni zikamfuata hukohuko. Nilipompigia, aliniambia alidhani ni za matapeli, akazizuia.

"Marahaba mwanangu," Mzee aliniitikia, na hapohapo akaingia kwenye hoja. "Kila asubuhi nalitafuta tangazo langu silioni. Jioni nikilikuta nalibofya, nihakikishe liko hai."

Kila jioni? Kila jioni. Nikamweleza taratibu kwamba mibofyo ndiyo anayoilipia, labda mashine imtambue na kumsamehe. Akatafakari. "Yaani najitoza kiingilio kuingia kwangu?" Ndiyo, Mzee. "Na jirani?" Jirani naye alikuwa anabofya, kwa upendo tu, kumuunga mkono.

Halafu neno aliloliwekea fedha lilikuwa moja: Kilimanjaro, peke yake, bila mipaka. Sasa Kilimanjaro ni mlima wa mita 5,895, sawa, lakini pia ni mkoa, ni bia, na ni maji ya chupa yanayojazwa hapahapa Moshi. Kwenye orodha ya vitu ambavyo watu walikuwa wakitafuta nilikuta wenye kiu wa kila namna, wengine wakitaka bei ya katoni. Hilo linatibika upesi. Unaorodhesha maneno ya kukataa, unaendelea.

Kanuni ndizo zilizonikalisha. Moja ilisema mteja akigharimu kupita kiwango, punguza dau, yaani kiasi unachokubali kulipia mbofyo mmoja, kwa asilimia 20. Nyingine ilisema mibofyo ikipungua, pandisha dau asilimia 20. Zilikuwa zinaishi humo kama wapangaji wanaozimiana na kuwashiana taa ya uani. Mzee hakuona tatizo: umetoa ishirini, umerudisha ishirini, kesi imekwisha. Nikachukua kikokotoo. Dola 2 ukiipunguza asilimia 20 inabaki 1.60. Hiyo 1.60 ukiipandisha asilimia 20 unapata 1.92. Senti nane zimekwenda na hakuna aliyeiba. Mizunguko kumi ya namna hiyo inakuachia dola 1.33 hivi, na tangazo linateremka ukurasani polepole huku kila kanuni ikiripoti kwamba kazi imefanyika. Na ukizisoma mojamoja zina akili timamu kabisa! Historia ya mabadiliko ilionyesha ziliandikwa miezi tofauti: ya kwanza baada ya bili kubwa, ya pili katikati ya masika, wageni walipoadimika. Hofu mbili, na hakuna aliyewahi kuzikutanisha.

Lakini kiini cha malalamiko ya asubuhi kilikuwa kwingine. Mzee alikuwa ameagiza tangazo lizimwe saa mbili usiku, ikianza taarifa ya habari, liwashwe saa kumi na mbili asubuhi. Kwa mtazamo wake, mtu anayetafuta mlima usiku atakuwa amelewa. Akaunti yenyewe inaandika saa kwa mtindo wa 24, bila kusema mchana wala usiku. Mpwa akachagua 02:00 na 12:00. Ndivyo alivyosikia, mbili na kumi na mbili. Mashine haianzi kuhesabu macheo kama sisi: ikazima saa nane za usiku, ikawasha saa sita mchana. Asubuhi nzima Mzee anatafuta kitu kilicholala, na usiku anaokataza ndio tangazo linakesha.

Nikaanza kurekebisha. Kabla sijahifadhi, nikaangalia maombi ya safari yalikuwa yanaingia saa ngapi. Saa sita mchana ya Shirimatunda, New York ni alfajiri. Saa nane za usiku wetu, huko ndiyo jioni, watu wametoka kazini. Kosa la kijana lilikuwa limeifunika siku ya Mmarekani kutoka kuamka hadi chakula cha jioni, na karibu kila ombi la maana lilikuwa limepita humo.

Mama, mke wa Mzee, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mtori. "Si mngeniuliza mimi? Simu ya kazi nalala nayo. Wale Wakanada wa Julai unadhani waliletwa na nani?"

"Nilijua ni Mungu," alisema Mzee.

"Ni Mungu. Alipiga saa sita usiku, wewe unakoroma."

Nikashauri tuiache kanuni hiyo ya saa kama ilivyo. Mzee akagoma: kosa ni kosa, haliwezi kuajiriwa. Tukavutana mpaka mtori ukapoa. Mwishowe nikaibadilisha jina tu, ikaitwa Kanuni ya Mama, na ripoti zake nikazielekeza kwenye barua pepe ya Mama. Zile mbili za asilimia ishirini nikazifuta, na mpwa nikamwondoa kwenye akaunti. Mzee akaomba jambo moja la mwisho: kama inawezekana, iwepo kanuni ndogo ya kumwonyesha tangazo yeye peke yake, saa kumi na mbili asubuhi, aanze siku vizuri.

"Bango si lipo getini?" alisema Mama. "Kaliangalie. Na hilo ulibofye utakavyo, halina malipo."