Bolti ya Shemeji

Hakuna aliyeniuliza kama injini inaweza kulala barazani. Nilirudi kutoka gulioni nikaikuta bloku imetandazwa juu ya mkeka wa wageni, na baba watoto kachuchumaa pembeni, anasugua matundu ya bolti kwa mswaki. Mswaki wenyewe ulikuwa wa mama mkwe.

Trekta ni Massey Ferguson 135, urithi wa marehemu baba mkwe: toleo la miaka ya 1960, injini ya Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5 hivi. Hapa Karatu mvua haimsubiri fundi, kwa hiyo ovaholi ilipaswa kwisha kabla majirani hawajaanza kulima. Pistoni na ringi mpya zilikuwa tayari kabatini, zimekaa na vikombe vyangu. Kilichobaki, alisema baba watoto, ni "vitundu tu".

Vitundu hivyo vilikula mafuta yangu ya taa, vijiti vya masikio vya mtoto na amani ya nyumba. Ndani yake mlikuwa na kutu, masizi na gundi ya gasketi ya zamani. Fundi alikuwa ameonya asipitishe tapu ya kukatia: tapu ikikosea njia hula chuma kizima, nyuzi zikabaki nyembamba na bolti ikacheza.

Ndipo akaja shemeji. Akatoa mfukoni bolti ya lori lake, milimita 8, akaijaribu kwenye tundu la kava la mbele. Ikaingia kwa vidole, akatucheka wote. Kisha ikakwama. Shemeji akaomba spana ndefu.

"Mwanangu, kitu kikikataa, kiulize kwanza," mama mkwe akasema. Hakuulizwa mtu. Bolti ikalia, ikatoka na unga wa chuma.

Fundi alipofika hakugomba, alichukua rula. Tundu lile ni la inchi 5/16, yaani milimita 7.94, ndiyo maana bolti ya 8 ilionekana ndugu yake. Ila nyuzi za tundu ziko 18 kwa inchi, zimeachana milimita 1.41, za bolti ya shemeji zimeachana 1.25. Mizunguko ya mwanzo husameheana, inayofuata hutafunana.

Bahati nzuri zilijeruhiwa nyuzi za mdomoni tu. Fundi akachukua bolti kuukuu ya kipimo kilekile cha inchi, akaifunga kwenye jiliwa, akaichana mifereji ya urefu kwa msumeno wa chuma na kuchonga ncha kwa tupa. Akaipaka mafuta, akaingiza nusu mzunguko, akarudisha robo, akaitoa na kuifuta. Mifereji inazoa uchafu. Nyuzi zilizolala zinainuka bila kukatwa.

Yakabaki mafuta ya taa ndani. Tundu lisilotokea upande wa pili haliachwi na majimaji: bolti ikishuka juu yake, hayana pa kwenda, na chuma cha kusubu kinaweza kupasuka. Hata uchafu mkavu una hila yake. Spana ya kupimia itasema bolti imekaza, kumbe nguvu imeishia kwenye msuguano na gasketi haijabanwa.

"Piga upepo," fundi akasema, "ila funika kwa kitambaa, na uvae miwani."

Baba watoto alivaa miwani. Kitambaa akakiona kazi ya wanawake. Upepo wa kompresa ukaingia tunduni, ukarudi na uji mweusi, ukavuka baraza hadi kwenye kamba ya nguo, ambako kitenge cha kanisani cha mama mkwe kilikuwa kinakauka.

Alikifua mwenyewe, mbele ya majirani, mama yake akiwa kwenye kigoda akimwonyesha madoa aliyoyaruka.

Trekta lililima kwa wakati. Shemeji bado tunampenda, na chai yake ipo. Ila akifika getini, mama mkwe humpekua mifuko kwanza.