Shikamoo, Babu wa Macho

Mwandishi wa habari aliyenigeuza mganga wa miujiza hakutunga uongo. Kila neno aliloandika nililitamka mimi, tena mbele ya muuguzi wa zamu. Maneno aliyapunguza tu.

Ilikuwa 2011, nami ni afisa tabibu katika hospitali ya misheni kwenye vijiji vya Dodoma, kule ambako mvua ikishaaga Aprili hurudi Desemba, ikijisikia. Tafadhali usiupite mwaka huo haraka. Kule Samunge, Loliondo, Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa ananywesha watu dawa yake kwa shilingi 500 kikombe, na nchi ikahamia barabarani kumfuata. Foleni ya magari ilihesabiwa kwa kilomita. Mbeya na Tabora nako wakaibuka watu na vikombe vyao. Mhariri aliyelala bila kikombe kwenye ukurasa wa mbele alijiona kama muuza samaki asiye na samaki.

Ndipo kijana mmoja akaja na kinasa sauti, kuuliza habari za vikope.

Nilifurahi mno. Vikope ni ugonjwa wetu. Huku Ugogoni utamkuta bibi ana kibano chake cha kung'olea kope, kakifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela ya ugoro. Nikamweleza kijana kwa utulivu: vijidudu, nzi anayetua kwenye tongotongo za mtoto huyu akaondoka nazo kwa mwenzake, makovu ndani ya kigubiko cha jicho, kope kugeukia ndani na kukwaruza jicho mpaka giza linaingia. Nikamtajia hata utafiti wa Kongwa uliochapishwa 1995: vijiji 6, vyote vikapewa dawa ya kupaka, ila 3 vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso, na watoto waliodumu na nyuso safi wakaonekana kuwa na vikope vikali kwa nadra kuliko wenzao. Nikamchorea kibuyu chirizi cha kunawia. Sabuni niliitaja mpaka muuguzi akakohoa.

Sasa, akina mama wa huku wakiambiwa habari ya kunawa hukuangalia tu. Maji wanayachimbua mchangani korongoni, wanayabeba kichwani. Ni ya ugali na ya kunywa, si ya kuchezea. Kwa ajili yao nikamalizia hivi: "Kwa kumnawisha mtoto uso, kikombe kimoja cha maji kinatosha, na uso safi husaidia kumkinga na upofu."

Gazeti likaja na basi la jioni. KIKOMBE KIMOJA CHAKINGA UPOFU DODOMA. Chini yake mimi, nimeshika kikombe. Kilikuwa cha chai, na chai yenyewe ya muuguzi. Nilikuwa nimepandishwa cheo kuwa daktari bingwa wa macho, ingawa mshahara haukupata taarifa hiyo. Mtoto hakuwemo. Uso haukuwemo. Sabuni haikuwemo, na nzi wote walikuwa wamekufa.

Asubuhi mabenchi yalijaa hadi chini ya mbuyu. Mzee mmoja, ndevu nyeupe, fimbo mkononi, alisimama nilipotokea akanivulia kofia.

"Shikamoo, Babu."

Jamani! Kuitikia marahaba kwa mtu wa umri wa babu yangu mzaa baba ni kutafuta laana. Kunyamaza ni dharau. Nikakimbilia Kigogo: "Mbukwenyi, mzee," halafu nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Akaniachia humo noti ya 500 iliyokunjwa mara nne.

Nilimwelekeza kwanza akakate kadi. Hapo pakawaka. Loliondo hakuna kadi, alisema, ni mia tano na kikombe basi. Karani wa dirishani naye, mtu wa stakabadhi toka tumboni mwa mama yake, alitaka kujua pesa hiyo aiandike chini ya huduma gani. Nilimpima mzee: mtoto wa jicho, pande zote mbili. Nikamweleza kwamba hilo haliondoki kwa maji wala kwa dawa ya kupaka, linaondoka kwa upasuaji, na akifanyiwa ataona. Alinisikiliza kwa adabu zote.

"Kwa hiyo kikombe kimeisha?"

Mchana ofisi moja ya mjini ikapiga simu ikitaka maelezo ya maandishi, kuwa ni nani aliyeniruhusu kuanzisha tiba mbadala. Nikampigia mwandishi. Alikuwa mpole, hakubisha hata kidogo. "Kaka, nzi hakai kwenye kichwa cha habari," akasema. "Ila usihofu, kesho tunasahihisha."

Wakasahihisha. DAKTARI AKANA KIKOMBE, ASEMA KINGA NI USO.

Siku hiyo nilikuwa natoka zamu ya usiku, mama aliyejifungua mapacha alituchelewesha mpaka alfajiri, na tanki la hospitali lilikuwa kavu. Bibi mmoja mwenye kibano aliniziba njia mlangoni, mjukuu mgongoni, wenzake nyuma yake.

"Tumeambiwa ni uso. Hebu tuuone."

Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye jua, akanikagua jicho la kulia, akahamia la kushoto. Kisha akawageukia wenzake.

"Huyu naye ana tongotongo."