Utangulizi wa Sarufi ya Pau Zisizoalikwa

Wanazuoni wa pau wamegawanyika makundi mawili, na hawaamkiani. Kundi la kwanza huainisha upau kwa umbo: una rangi gani, nembo yake imekaa upande upi, unaonyesha hali ya hewa ya mji gani ambao mwenye kompyuta hajawahi kufika. Kundi la pili, ambalo mwandishi wa makala haya ni mfuasi wake na kwa sasa ndiye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, linashikilia kwamba upau uainishwe kama sarufi inavyoainisha nomino, yaani kwa upatanisho. Kiti hujulikana ngeli yake pale kinapovunjika. Vivyo hivyo upau: usiukodolee macho wenyewe, tazama ni vitu gani vingine ndani ya mashine vimeanza kuufuata.

Kwa faida ya waliozaliwa wakakuta simu, upau ni ule mkanda uliokuwa ukikaa juu ya kivinjari, chini kidogo ya sehemu ya kuandikia anwani, wenye kisanduku cha kutafutia na vitufe ambavyo hakuna aliyewahi kuvibofya kwa makusudi. Kwenye skrini ya laptop ya kawaida, yenye kimo cha pikseli 768, upau mmoja ulikula karibu pikseli 30. Zikipandana pau nne kwenye kompyuta ya saibakafe, mteja alisoma barua pepe yake kwa mistari michache tu kwa mara moja, anasogeza, anasoma, anasogeza, huku dakika alizolipia zikiyoyoma.

Asili yake haina ubaya. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa Internet Explorer 4, na ndani yake ikaweka mlango wa programu ndogo za kujipachika kwenye kivinjari. Programu ya namna hiyo ikishasajiliwa hupakiwa kila kivinjari kinapofunguliwa, nayo huona kila ukurasa ambao kivinjari kinauona. Desemba 2000 Google ilileta upau wake, na ulikuwa wa heshima: ulitafuta kweli, na baadaye ukazuia madirisha ya matangazo yanayochomoza. Ulistaafishwa mwaka 2021, Internet Explorer yenyewe ikafuata Juni 2022. Lakini katikati ya miaka hiyo wafanyabiashara walishapiga hesabu yao. Anayetafuta huonyeshwa matangazo, tangazo likibofywa pesa inaingia, kwa hiyo mwenye kisanduku cha kutafutia ndiye mwenye droo ya pesa. Kilichobaki ni kukifikisha kisanduku hicho kwenye kompyuta za watu, wapende wasipende, na kumlipa kila aliyesaidia kukifikisha.

Fani yetu iliwahi kuwa na lugha ya wazi zaidi. Watu wa usalama wa kompyuta waliziita programu hizi za upelelezi, waziwazi, mpaka wenye programu walipokwenda mahakamani. Kampuni ya Gator ilifungua kesi mwaka 2003 dhidi ya waliowaita wapelelezi, na mwaka huohuo ikajibadilisha jina kuwa Claria. Zango, kampuni nyingine ya namna hiyo, ikaishtaki kampuni ya kinga ya virusi ya Kaspersky kwa kuzizuia programu zake. Mahakama ya rufaa ya Marekani ikaipa ushindi Kaspersky mwaka 2009, wakati ambapo Zango ilikuwa imeshafunga duka. Baada ya vitisho hivyo fani ikatulia kwenye istilahi ya tahadhari: programu ambayo huenda haitakiwi. Mwandishi hajakutana na mtu aliyeitaka.

Tuanze na ngeli ya A-WA, kwa kuwa ndiyo yenye adabu ya kujitambulisha. Humu wamo wanaodai kuwa na uhai. Mfano wake mkuu ni BonziBuddy, sokwe wa rangi ya zambarau aliyetembea juu ya skrini mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaimba, akatoa vichekesho na kusoma barua pepe kwa sauti. Wapo wanaopinga wakisema si upau, na kwa umbo wana haki. Kwa upatanisho ni upau kamili: ukurasa wa mwanzo ulimfuata, matangazo yalimfuata, na mwaka 2004 waliomtengeneza walikubali kulipa dola 75,000 baada ya tume ya biashara ya Marekani kuwabana kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi.

Ngeli ya KI-VI ni ya vikaragosi, vishale na vijikorombwezo. Comet Cursor iligeuza kishale cha kipanya kuwa katuni, Smiley Central ikagawa vikaragosi vya kutabasamu. Mtoto kataka kikaragosi kinachokonyeza jicho, nyumba nzima ikapata injini ya utafutaji isiyomjua mtu. Hatutakaa hapa.

Ngeli ya I-ZI ndiyo inayostahili shahada. Mwanachama wake haingii peke yake: I-naingia na Z-ingine. Kielelezo bora ni Java ya kampuni ya Oracle, programu ambayo kwa miaka ilihitajika na benki, idara na mitihani ya mtandaoni, na ambayo kwa sababu ya mianya yake ya usalama ililazimu kusasishwa kila mara. Kila sasisho lilipita kwenye dirisha moja lenye visanduku viwili ambavyo tayari vimetiwa tiki: kimoja cha kusakinisha upau wa Ask, cha pili cha kuifanya Ask kuwa injini kuu ya utafutaji na kuihifadhi iwe hivyo. Mtumiaji mwenye mazoea ya kubofya kitufe cha kuendelea mpaka dirisha lipotee, yaani mtumiaji, alitia sahihi bila kujua. Anayejitetea dhidi ya wezi kwa kusasisha Java alipewa mgeni kila alipojitetea. Januari 2013 mwandishi wa teknolojia Ed Bott alieleza jambo ambalo mwandishi huyu analihesabu kuwa kilele cha fani nzima: kisakinishi cha Ask kilisubiri dakika 10 baada ya Java kumaliza kazi, ndipo kikaanza. Mwangalifu aliyekwenda papo hapo kukagua orodha ya programu hakuona kitu, akafunga, akaenda kunywa chai.

Wala haikuwa Java peke yake. Desemba 2011 Fyodor, mtunzi wa programu ya Nmap inayotumiwa na mafundi wa mitandao dunia nzima, alilalamika hadharani kwamba tovuti ya Download.com imeifunga programu yake ndani ya kisakinishi chake yenyewe kinachopenyeza upau. Hapo ngeli ilikuwa imepevuka kiasi kwamba hata fundi wa usalama alitumika kama punda wa kubebea.

Ngeli ya U-ZI ndiyo ya pau halisi, upau kwa pau, na hapa kanuni ya upatanisho inaonekana kwa nguvu zake zote. Babylon ilikuja kama programu ya kutafsiri maneno, Conduit ikawapa wenye tovuti kiwanda cha kujitengenezea pau, hivyo upau mmoja ukazunguka dunia kwa majina mengi. (Ndiyo sababu kundi la umbo halikuwahi kumaliza orodha yake.) Upau wa ngeli hii ukishakaa, ukurasa wa mwanzo unabadilika, kichupo kipya kinabadilika, injini ya utafutaji inabadilika, na kosa lolote la tahajia kwenye anwani linakupeleka kwa mwenye upau. Conduit ilikuja pia na programu iliyojiita Search Protect, ambayo kazi yake ilikuwa kulinda mabadiliko hayo dhidi ya mtu hatari kuliko wote, mwenye kompyuta.

Ngeli ya KU haina kitu, ina kitendo tu: kurudi. Umefuta upau jioni, asubuhi upo. Kinachorudisha hakina nembo wala dirisha. Ni amri iliyoachwa kwenye ratiba ya kazi za Windows, imepewa jina la unyenyekevu linalofanana na la sasisho, inayoamka kila mtu anapoingia.

Na PA-KU-MU ni ngeli ya mahali, ya wale ambao hawakuingia kwa sababu walikuwa mumo tangu kiwandani. Mwishoni mwa 2014 Lenovo iliuza laptop zenye programu ya Superfish ndani, iliyopachika matangazo katika kurasa za watu. Ili ifanye hivyo hata kwenye kurasa zenye alama ya kufuli, kama za benki, iliweka cheti chake cha usalama ndani ya Windows, na ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwenye mashine zote. Watafiti waliuvumbua Februari 2015. Aliyeifuta Superfish kwa njia ya kawaida aliiondoa programu, cheti kikabaki.

Kile cheti kilichobaki ndiyo hoja nzima ya kundi letu. Ukifuta nomino ukaacha viambishi vyake vimetapakaa, sentensi bado inamtaja asiyekuwepo. Anayesema «nimeshaufuta lakini bado upo» amefuta nomino. Kazi inayofuata ni kufuata upatanisho mpaka mwisho.

Unaanzia kwenye paneli ya kudhibiti, katika orodha ya programu zilizosakinishwa. Usizisome kwa alfabeti. Bofya kichwa cha safu ya tarehe zipangike kwa siku zilizoingia. Ngeli ya I-ZI hujifichua hapo, kwa kuwa wenzake wote wana tarehe moja: siku ulipopakua kicheza video cha bure, majina matatu usiyoyajua yamelala yakifuatana. Yasanidue moja moja, na usome kila dirisha, maana dirisha la kuaga la upau hutungwa na fundi wa lugha. Huuliza kama huna hakika kwamba hutaki kuacha kuendelea, na kitufe kikubwa chenye rangi ndicho cha kubaki.

Kisha kivinjari. Ondoa viendelezi usivyovikumbuka, rudisha ukurasa wa mwanzo, na injini ngeni ya utafutaji usiishushe cheo tu; ifute kwenye orodha. Baada ya hapo wengi huridhika, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu hawajaitazama aikoni yenyewe. Bofya kitufe cha kulia juu ya aikoni ya kivinjari kwenye skrini, fungua sifa zake, utazame kisanduku kinachoonyesha programu inayofunguliwa. Njia inapaswa kukomea kwenye chrome.exe na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta baada ya alama hiyo kuna nafasi, halafu anwani ya tovuti, umemshika. Futa vyote vilivyo kulia kwa nukuu, uhifadhi. Rudia kwa kila aikoni, hata ile iliyobandikwa chini kwenye mwambaa wa kazi, maana kila moja ina kisanduku chake.

Ratiba ya kazi ikaguliwe kwa ajili ya ngeli ya KU. Menyu ya Chrome nayo isomwe hadi chini: ikikuambia kivinjari kinasimamiwa na shirika lako, na wewe shirika lako ni meza, kiti na mume wako anayekoroma, kuna sera imepandikizwa, na ukurasa wa chrome://policy utaitaja kwa jina. Programu za kukinga virusi nazo wakati mwingine huweka sera zake, kwa hiyo soma kabla ya kukata.

Zana zipo. Mholanzi Merijn Bellekom alitunga HijackThis, ambayo ndiyo kazi ya kitaaluma iliyokaribia zaidi mtazamo wetu: haikutaja mwizi, ilitaja mahali alipokamatwa. O2 ni programu iliyojipachika kwenye kivinjari, O3 ni upau, O4 ni kinachojiwasha na mashine. Wema na waovu walipangwa mstari mmoja, na fundi asiyejua kuusoma aliwafuta wote. Siku hizi AdwCleaner, iliyoanzia kwa mtunzi Mfaransa na kununuliwa na Malwarebytes mwaka 2016, hufanya kazi hiyo kwa mbofyo mmoja au miwili. Andika anwani ya Malwarebytes wewe mwenyewe. Ukiitafuta dawa kupitia kisanduku cha upau, utaletewa dawa ya mwenye upau.

Shule ya mtaani ina jibu fupi kuliko haya yote: kupiga Windows upya. Inafaa, na faili zako zikipona kuna la kushukuru. Kasoro yake ni kwamba baadaye fundi huchomeka flashi yake na kukurudishia kicheza video kilekile, kwa kubofya kuendelea, kuendelea, kuendelea.

Imebaki ngeli ya LI-YA, changa kuliko zote, na mbinu zote za hapo juu hazifui dafu mbele yake. Hapa hakuna upau wala programu. Lipo tangazo tupu, nayo ni mengi. Tovuti ya filamu au ya matokeo ya mechi ilikuomba ubofye «Ruhusu» ili uthibitishe kuwa wewe si roboti, na ulichoruhusu ni arifa. Tangu hapo, hata kivinjari kikiwa hakijafunguliwa mbele yako, pembeni mwa skrini linachomoza onyo kwamba mashine ina virusi vitano na muda unakwisha. Kwenye simu linakula na bando. Orodha ya programu haina jina geni, viendelezi ni safi. Nenda kwenye mipangilio ya kivinjari, sehemu ya faragha, mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, nyingine zenye majina kama ya mtu aliyelalia kibodi. Gusa vitone vitatu mbele ya kila moja, uiondoe. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji kupakua chochote. Anayekuambia upakue kitu ili uliondoe, huenda ndiye aliyelituma.