Daftari la Mama Korongo

Tangazo lilibandikwa Jumatano kwenye shina la mkuyu ulio jirani na mwalo wa Murangi, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Liliandikwa kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa saruji: "Hoteli itafungwa mwisho wa mwezi huu. Mwenye deni aje tuhesabiane. Mimi, Mama Korongo." Jua lilipofika utosini, habari ilikuwa imeshavuka Majita nzima.

Kiboko alilia hadi maji ya ukingoni yakatibuka. Miaka mingi hakuwa amekula pale, maana sahani ya Mama Korongo haikumtosha hata kuonja. Lakini kila asubuhi akirudi kutoka malishoni alizoea kupita nyuma ya jiko avute harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na harufu hiyo ndiyo iliyomjulisha kuwa kumekucha. Mamba alisema afadhali. Mara ngapi ametoka majini Jumamosi na njaa yake akakuta mlango umetiwa komeo? Alipokwisha kusema hivyo akatulia kidogo, kisha akauliza yule kijana anayekamua ndimu atapata kazi wapi. Fisi, mwenye kibanda cha kongoro ng'ambo ya njia, alipaswa kuchinja mbuzi kwa furaha. Lakini mwaka uliopita mama yake mzazi aliugua, akakataa kila chakula isipokuwa supu ya sato kutoka kwa Korongo, na supu hiyo ndiyo iliyomwinua kitandani. Siku ile Fisi alishinda akiwafokea wateja wake bila sababu.

Kenge hakusema lolote. Kenge alikuwa kwenye daftari la madeni, kurasa nne.

Hoteli yenyewe haikuwa kubwa. Mabenchi sita, paa la bati lililoshika kutu, mafiga matatu ya jiko, na ndoo ya maji ya kunawa yenye bomba. Aliyeianzisha ni mama yake Mama Korongo. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 1961, zile wazee wanazozihesabia miaka ya Uhuru, zililijaza ziwa likapanda zaidi ya mita mbili ndani ya miaka michache, likameza mashamba ya muhogo na nyumba za ukingoni. Miaka hiyohiyo, korongo weupe waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya walipopaa kurudi kwao, mmoja alibaki chini na bawa lililovunjika. Murangi ilimpokea. Kobe alimpa kiwanja, Kanga akampa mbegu za nyanya, na yeye akawasha moto akaanza kupika.

Alipika kwa miiko ya kwao. Samaki mwenye mapezi na magamba alimpika: sato, ningu, furu, baadaye na sangara. Kambale na mumi, ambao ngozi yao ni utelezi mtupu, hawakuvuka kizingiti chake hata kwa kutupwa. Damu hakupika, nguruwe hakupika. Ijumaa jua likizama moto ulizimwa, mabenchi yakainuliwa, na hakuna sufuria iliyoguswa mpaka jua lizame tena Jumamosi. Binti yake alirithi jiko, akarithi na miiko.

Msomaji aliyekulia Majita hahitaji kuelezwa. Kwa majirani zake Wasabato miiko hii ndiyo maisha ya kila wiki. Ile ya samaki na nguruwe inatoka Walawi sura ya 11, na Ijumaa alasiri huwaona wakikimbizana na kuni na ndoo za maji kabla giza halijaingia. Wayahudi wameishika sheria hiyohiyo kwa maelfu ya miaka, nao wameifuata hadi kwenye miji ya ugenini. Kule New York wahamiaji wa Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki na watoto wao walijenga migahawa ya mitaani ya nyama ya ng'ombe iliyolowekwa chumvi na kufukizwa moshi, mkate wa nafaka iitwayo rye na matango ya kuloweka. Mmoja ulioanzishwa mwaka 1937, Carnegie Deli, ingawa wenyewe haukuishika miiko yote, ulifungwa tarehe 31 Desemba 2016. Siku zake za mwisho foleni ilijaza kinjia cha barabara. Miongoni mwa waliopanga foleni bila shaka walikuwemo waliolalamika miaka mingi kwamba bei imepanda na wahudumu wana maneno makali. Walisimama kwenye baridi kwa ajili ya chakula ambacho pengine walikuwa wamekwisha kuacha kula. Nawaelewa. Kuna mahali ambapo mtu huhitaji pawepo kuliko anavyohitaji kwenda, na mwenye mahali hapo halipwi kwa hitaji hilo.

Turudi mwaloni. Wengi walisema Korongo amechoka, wengine wakasema watoto wake wamehamia Mwanza. Yote mawili yalikuwa kweli, lakini hayakutosha kuzima moto. Sababu iliyozidi zote ilikuwa Mwari.

Mwari ana mfuko chini ya mdomo, na viwanda vya minofu vilipohitaji wakala wa kukusanya samaki havikutafuta mbali. Alfajiri mitumbwi ikigusa mchanga, Mwari yupo, na nyuma yake gari la barafu. Analipa taslimu. Sangara anapandishwa garini, sato anapandishwa garini. Kinachobaki mwaloni ni dagaa, kambale, na siku nyingine mapanki, yaani vichwa na mifupa inayorudi kutoka kiwandani baada ya minofu kutolewa. Mama Korongo akija na kikapu chake saa moja asubuhi hukuta magamba mchangani.

Wala Mwari hakuwa mwizi. Fedha yake ndiyo iliyosomesha watoto wa Fisi Maji na kuezeka nyumba ya Mnandi. Ziwa lenyewe lilikuwa limeshageuzwa kabla yake. Sangara alipandikizwa humu miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kupita kiasi. Furu, wale samaki wadogo wenye rangi kama shanga, walikuwa na aina mamia; zaidi ya 200 zilitoweka au zikakaribia kutoweka. Mama yake Korongo aliwajua furu wengi kwa sura na kwa ladha, huyu wa kukaanga, huyu wa mchuzi. Binti yake alirithi vikaango ambavyo samaki wake hawapo tena.

Mwaka mmoja tu Korongo alipumua. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu. Kwa miezi kadhaa gari la barafu halikufika, sangara wakabaki mwaloni, bei ikaporomoka. Mabenchi sita yalijaa, wengine wakala wamesimama. Wakati huohuo Fisi Maji alishindwa kulipa ada ya mwanawe. Kila sahani tamu iliyoliwa kwa Korongo miezi ile ilitoka kwenye mfuko mtupu wa mvuvi, na Korongo alilijua hilo. Ndiyo maana wavuvi ndio waliojaa zaidi katika daftari lake, na ndiyo maana hakuwasumbua.

Jumapili Kwarara aliitisha kikao chini ya mkuyu. Walikuja wote, hata waliokuwa hawajawahi kula pale.

Kiboko alisimama kwanza. "Mama yetu, usiondoke. Wewe ndiye Murangi yenyewe. Bila hoteli yako tutakuwa kama mwalo mwingine wowote." Wote wakaitikia kwamba amesema kweli. Kwarara akauliza nani yuko tayari sahani ipande bei, ili Korongo aweze kushindana na Mwari alfajiri. Wakatazama chini. Fisi Maji akasema maisha ni magumu. Ngedere akasema sahani ilikuwa ghali tangu hapo.

Mamba akatoa ushauri. "Mama, kambale wamejaa, na ni bei rahisi. Pika kambale. Na Jumamosi ndiyo siku tunayotoka na fedha, fungua Jumamosi. Hapo hutafunga kamwe."

Mama Korongo alimwitikia kwa heshima, maana Mamba ni mkubwa wake kwa umri. "Shikamoo, mzee wangu. Ushauri wako ni wa mtu anayenitakia mema. Lakini wewe mwenyewe ulimwambia marehemu mama kwamba hapa ndipo pekee unapokula bila kuuliza kilichomo chunguni. Nikipika kila kinachopatikana, utaanza kuuliza."

Mamba hakujibu. Lilikuwa kweli, alilisema mbele ya watu.

Kisha Mama Korongo akafungua daftari. Wengi walidhani atasema amesamehe, kama wafanyavyo wanaoaga. Kenge alikwishaanza kutoa machozi ya shukrani. Mama Korongo akasema, "Sijasamehe. Ningesamehe ningekuwa nimewadanganya wale waliolipa. Kobe amelipa kila asubuhi, hata mwaka ule gamba lake lilipopasuka akashindwa kulima. Nikiwafutia ninyi, nimemwambia Kobe kwamba alikuwa mjinga." Akasoma. Hakusoma majina, alisoma vyakula tu: sato wawili wa ndimu na ugali wa muhogo, Machi, furu wa kukaanga sahani tatu, siku ya msiba wa Bata, uji wa ulezi kwa mtoto mgonjwa, usiku. Kila aliyesikia chakula chake alijijua.

Hapa ndipo wasimulizi wengi humgeuza Kenge kuwa mnafiki, wakasema machozi yake yalikuwa ya uongo. Mimi sikubali. Kenge alimpenda Mama Korongo. Mkewe alipomfukuza, meza aliyokalia mpaka akili ikamrudia ilikuwa ya kule, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alimpenda na alimdhulumu, miaka ileile, kwa mdomo uleule. Walio wengi chini ya mkuyu ule walikuwa hivyo. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba mapenzi ni namna ya malipo.

Wa kwanza kutoa fedha alikuwa Mamba, ambaye ndiye aliyelalamika kuliko wote. Alihesabu polepole, akadai aandikiwe kwamba amemaliza. Fisi naye akalipia supu za mama yake, ingawa Korongo alikuwa amempa bure na hazikuandikwa. Kiboko, ambaye hakuwa na deni lolote, alisema atachangia, akasema atachangia wiki ijayo. Kenge alilipa ukurasa mmoja kati ya zile nne. Wengine waliondoka kabla ya kikao kufungwa, na miongoni mwao walikuwemo waliolia kwa sauti kubwa zaidi.

Fedha iliyopatikana haikutosha kununua sato wa wiki moja. Korongo aliikunja akaifunga kwenye upindo wa kanga.

Ijumaa ya mwisho alipika furu. Wavuvi wa Murangi husema furu wameanza kuonekana tena sehemu kadhaa tangu sangara alipovuliwa sana, si wale wa zamani wote, lakini wapo. Mnandi alizamia tangu usiku akamletea ndoo mbili, akakataa kuziuza kwa Mwari. Mama Korongo aliwakaanga mpaka mifupa ikatafunika, akawamwagia ndimu na pilipili iliyolowekwa chumvini. Foleni ilitoka jikoni ikaupita mkuyu ikafika kwenye mitumbwi. Walikuwepo walioipita hoteli ile kila siku ya maisha yao bila kuingia, sasa wamewaleta na wajukuu waonje.

Samaki hawakutosha. Waliochelewa walikasirika, wakasema huyu mama anajua siku ya mwisho watu ni wengi, kwa nini hakujiandaa? Alibaki kupika ugali na mboga za majani kwa waliotaka, nao walitaka. Kisha jua likagusa ziwa. Foleni ilikuwa bado ndefu, ya watu wenye fedha mkononi ambazo kwa mwaka mzima hazikuonekana. Ngedere akapaza sauti: "Mama, leo tu! Saa moja tu!" Korongo akazima moto kwa maji, akainua mabenchi, kama alivyofanya kila Ijumaa. Baadhi walimtukana. Wengine walimsaidia kuinua.

Jumanne iliyofuata Mnandi alikodi jengo. Kodi yake ndiyo sasa inayomtunza Mama Korongo, aliyehamia juu mlimani kulima muhogo. Mnandi anapika kambale, anapika mapanki, anafungua siku zote saba. Jumamosi ya kwanza Mamba alikuja asubuhi na mapema, akakaa, akaagiza sato wa ndimu. Aliambiwa hakuna, akaagiza kambale, akainama akatazama ndani ya chungu kabla hajaanza kula.

Kobe alichelewa kwa siku kumi. Alikuwa ameapa kutoingia. Njaa na mazoea vikamleta, akakaa kwenye benchi lake lilelile, akavuta sahani. Mnandi alisimama kando akisubiri, kitambaa begani.

"Mchuzi ni mzuri," Kobe akasema kwa hasira, akaomba aongezewe, akalipa palepale.