Fuko na Nyayo za Sultani

Mwaka 2014, mtaani Kasulo mjini Kolwezi, habari zilienea kwamba chini ya nyumba za watu kuna jiwe jeusi la kobalti. Haukupita muda, mashimo yakachimbwa uani na hata vyumbani. Wanyama wa bonde la jirani waliona, wakaiga.

Mhanga ndiye aliyeanza. Alichimba chini ya kibanda chake, akatoa jiwe jeusi lenye madoa ya kijani, akalipeleka depo kwa Fisi, akarudi na falanga za kununulia unga wa bukari. Wanawe walikuwa na njaa; simlaumu. Mvua zilipoanza, kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya mahandaki, na kwa kila gunia lililouzwa Sultani Tembo alikuwa na fungu lake.

Siku moja Fuko akaja barazani. Macho yake hayaoni mbali, lakini ukoo wake umeishi ardhini tangu zamani.

"Sultani, ardhi inasogea."

"Lini? Mbona hatukutikiswa?" Fisi akadakia.

"Haitikisiki. Inateleza. Inanguruma chinichini siku kadhaa, inanyamaza, kisha inaanza upya."

Baraza likacheka. Fuko hakubishana. Alikwenda kwa Mama Kobe, ambaye ukuta wake ulikuwa na ufa mwembamba wa kupitisha ukucha. Akakanda udongo wa mfinyanzi, akaupaka juu ya ufa kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha akachora mstari mmoja ulionyooka katikati. Ukakauka. Siku ya tatu mstari ulikuwa umekatika, kipande cha kushoto kimeshuka kwa kiasi cha punje ya ulezi. Mama Kobe alikuwa amelala humo usiku zote tatu, na hakuna kikombe kilichoanguka. Fuko akapaka tena. Ukakatika tena.

Ushahidi huo ulipofika barazani, Fisi hakuukana. Aliugeuza. "Basi tushukuru! Ardhi inatua mzigo wake kidogo kidogo bila kumwumiza mtu. Si heri hivyo kuliko kuporomoka?"

Neno hilo liliwapendeza wengi, na linastahili kujibiwa, kwa sababu linasikika kama busara. Aliyelijibu ni Korongo, mgeni wa kila mwaka anayepita Afrika Mashariki akielekea kusini. Alisimulia habari za Tanzania, karibu na ziwa Natron, Julai 2007. Matetemeko yalisikika, naam, lakini sehemu kubwa ya mwendo wa ardhi ilipita kimya: ufa mkubwa chini ya mlima Gelai uliteleza polepole, na kuteleza kwake kukalegeza miamba ya jirani, magma ikapata pa kupenya. Septemba mwaka huohuo volkano ya jirani, Oldoinyo Lengai, ikalipuka kwa kishindo.

"Ufa ulitua mzigo," Korongo akasema, "na jirani yake akaupokea."

Yuko sahihi, na ushahidi hauko Natron peke yake. Mwaka 1999, katika eneo la kisiwa cha Vancouver nchini Kanada, ambako bamba la bahari linazama chini ya bamba la bara, vipimo vilionyesha ardhi ikirudi nyuma milimita chache kwa wiki kadhaa, kinyume cha mwendo wake wa siku zote. Hakuna aliyehisi kitu. Mwaka 2002 Kazushige Obara akaeleza mngurumo hafifu wa kina kirefu chini ya Japani, na baadaye ikajulikana kwamba mngurumo na kuteleza huenda pamoja. Huko Vancouver mambo hayo hurudi kila baada ya miezi 14 hivi. Kila mara, sehemu ya juu ya mpaka wa mabamba, iliyokwama tangu tetemeko kuu la mwaka 1700, huongezewa mzigo kidogo. Kolwezi haikukaa juu ya mpaka wa namna hiyo. Mahandaki yake yamechimbwa kwa mikono. Lakini nguzo ya mwamba ikilegea handakini, uzito wake nao huenda kwa nguzo iliyo jirani.

Fuko akamgeukia mwenye kiti. "Sultani, nyayo zako husikia ngurumo ya ardhi kutoka mbali. Zimesikia nini?"

Tembo akanyamaza. Mama Kobe ndiye aliyetazama chini. "Sultani, tangu mvua za kwanza hujakanyaga uwanja wa mwembe. Kila baraza unasimama hapo, juu ya mwamba mtupu."

"Zimesikia," Tembo akasema.

Mama Kobe hakungoja zaidi. Aliwachukua wajukuu akapanda nao mlimani, na hadi jioni nyumba za bondeni zilikuwa tupu.

Fisi akamkimbilia Mhanga. "Papa Mhanga, ile nguzo uliyoiacha katikati ndiyo yenye jiwe zuri kuliko yote. Nakulipa mara mbili. Nyumba ziko tupu, utamdhuru nani?"

"Nitakayekuwa chini yake ni mimi."

"Na wanao watakula nini?"

Mhanga akakung'uta udongo makuchani. "Sultani amekula magunia yetu miezi yote hii huku akisikia." Akapanda kwenda mwambani kumdai fungu lile lote, na wachimbaji wengine wakatoka mashimoni mmoja mmoja, wakamfuata.